Ahadi, Ombi na Msamaha: Haki ya Kusikilizwa katika Kusadikika ya Shaaban Robert Ikilinganishwa na Ahadi za Waasisi wa Marekani, 1776–1861

Ikisiri

Makala hii inahakiki riwaya ya Kusadikika (1951) ya Shaaban Robert kwa kuiweka bega kwa bega na historia ya kisiasa ya Marekani, kuanzia Tangazo la Uhuru la mwaka 1776 hadi majimbo ya Kusini na ya Kaskazini yalipoingia vitani mwaka 1861. Mazoea ya uhakiki yamekuwa kuisoma riwaya hii kama istiari ya ukoloni ambayo inamalizika kwa ushindi wa haki. Makala inapinga usomaji huo kwa sehemu. Inadai kwamba dhamira ya msingi ya Kusadikika ni haki ya kusikilizwa. Sheria anayoidai Karama ni chombo cha kuilinda haki hiyo, na mwisho wa furaha unaficha ukweli kwamba haki hiyo ilipatikana kwa hisani ya mtawala. Historia ya Marekani inatumika kama kipimo cha dai hilo, kwa kuwa huko ahadi kuu ziliandikwa, zikafuatwa na mapatano ya kuziahirisha, na mwishowe zikazungushiwa ukuta wa kukataa kusikiliza. Sehemu ya mwisho inairudisha hoja Tanganyika, ambako Kusadikika iliendelea kusomwa chini ya sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

1.0 Utangulizi

Msuko wa Kusadikika ni mwepesi kusimulia. Katika nchi iliyoko angani, kijana Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Mshtaki wake ni waziri Majivuno. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ambao walitumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao. Kila mmoja alirudi na maarifa, na kila mmoja alilipwa kifungo. Mwishoni Mfalme anamwachia huru Karama na wajumbe wanafunguliwa.

Kwa sababu msuko ni mwepesi, tafsiri nazo zimekuwa nyepesi. Kusadikika imefanywa kuwa Tanganyika ya wakoloni, Majivuno akafanywa serikali ya kigeni, wajumbe wakafanywa Waafrika waliodai haki zao, na msamaha wa Mfalme ukafanywa bishara ya uhuru. Usomaji huu una ukweli ndani yake, lakini unakifunga kitabu mapema mno. Ikiwa Kusadikika ni ukoloni tu, basi kazi ya kitabu ilikwisha tarehe 9 Desemba 1961, na mwanafunzi anayekisoma leo anasoma kumbukumbu. Kinachobishaniwa katika makala hii ni iwapo kitabu hiki kingali na dai juu ya msomaji wake wa sasa, na kama kinalo, ni dai gani.

Ili kujibu swali hilo, makala inatumia mkabala linganishi, ukisaidiwa na nadharia ya Uhistoria Mpya, ambayo inaitazama kazi ya fasihi na hati ya kisiasa kama matini zilizozaliwa katika mivutano ya namna moja, ambazo zaweza kusomwa kwa jicho moja. Tangazo la Uhuru na Katiba ya Marekani zinasomwa hapa kama matini zenye uteuzi wa maneno, ukimya na hadhira. Na Kusadikika inasomwa kama hoja ya kisiasa iliyovikwa vazi la hekaya.

2.0 Msingi wa Ulinganishi

Mtahini ana haki ya kuuliza: Marekani ya karne ya 18 na ya 19 inahusianaje na riwaya ya mtu wa Vibambani? Jibu la kwanza ni la kihistoria. Pwani ya Tanga na Pangani haikuwa mbali na historia hiyo kama inavyodhaniwa. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka 1837 balozi mdogo wake wa kwanza, Richard Waters, aliwasili Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walinunua pembe za ndovu na sandarusi, na wakaleta kitambaa ambacho watu wa pwani walikiita kwa jina la nchi kilikotoka: merikani. Kitambaa hicho kilifumwa katika viwanda vya Kaskazini kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Misafara iliyotoka pwani ilikipeleka bara, na huko kilitumika mahali pa fedha. Vita vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, merikani ikapungua Zanzibar, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi. Mzozo wa majimbo ya mbali ulihisiwa katika mizigo ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki. Na katika miaka hiyohiyo mashamba ya miwa ya bonde la Pangani nayo yalilimwa kwa jasho la watumwa. Pande mbili za bahari ziliunganishwa na uzi mmoja, na uzi huo ulipita mikononi mwa watu wasio huru.

Jibu la pili ni la kimatini. Marekani ni mfano wa nchi ambayo ilianza kwa maandishi. Waasisi wake waliandika ahadi kabla ya kuwa na dola kamili, na vizazi vilivyofuata vilibishana juu ya maana ya maneno yale. Kusadikika nayo ni nchi ya maandishi. Haina ardhi wala ramani. Ina maneno, na hatima ya mtu ndani yake huamuliwa kwa maneno yanayosemwa barazani. Kwa hiyo kipimo kimoja chaweza kutumika kwa zote mbili: ni nani anayeruhusiwa kusema, na akisema, ni nani anayelazimika kusikia?

3.0 Mtunzi na Mazingira Yake

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909, na alifariki Juni 1962. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitumia kama karani wa serikali ya kikoloni, kwanza katika forodha, baadaye katika ofisi nyingine, na miaka ya mwisho ya utumishi wake ilikuwa Tanga. Alikuwa mtu ambaye maombi na malalamiko ya wenzake yalipita mezani pake yakielekea kwa wenye uwezo wa kuamua. Karani wa namna hiyo hujua jambo moja ambalo mwanasiasa wa jukwaani huchelewa kulijua: barua yaweza kupokelewa, ikapigwa muhuri, ikawekwa katika jalada, na isisomwe na mtu.

Mambo mawili ya mazingira hayo yanahitaji kukaziwa. La kwanza ni kwamba utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, Shaaban Robert akiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Kusadikika ilipochapwa, watu waliozaliwa utumwani walikuwa bado hai katika vijiji vya pwani, na nasaba za watu zilikuwa bado zinapimwa kwa minong'ono. La pili ni kwamba mwaka 1951, ndio mwaka kitabu kilipotoka, Wameru waliondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko yao. Alisikilizwa; ardhi haikurudi. Hakuna haja ya kudai kwamba riwaya ilitabiri safari hiyo. Yatosha kuona kwamba umbo la mjumbe anayekwenda mbali kwa ajili ya watu wake na kurudi mikono mitupu halikuwa ndoto ya mtunzi peke yake. Lilikuwa umbo la siasa ya wakati wake, kwa kuwa katika nchi iliyokuwa chini ya udhamini, njia halali ya mtawaliwa ilikuwa ombi.

4.0 Uchambuzi

4.1 Jina la nchi na hali ya kutotimia

Jina Kusadikika si jina la mahali kwa umbo lake. Ni kitenzi ambacho hakijanyambuliwa kwa nafsi wala kwa wakati: hakisemi nani anasadiki, wala lini. Kiambishi cha kutendeka kinaongeza kwamba jambo hili laweza kusadikiwa, si kwamba limekwisha kusadikiwa. Mtunzi angeweza kuiita nchi yake Imani au Ukweli. Alichagua neno linaloiacha nchi katika hali ya uwezekano.

Uteuzi huu unafanana na jambo moja katika matini za waasisi wa Marekani. Tangazo la 1776, ambalo liliandikwa kwa sehemu kubwa na Thomas Jefferson, linatamka usawa wa wanadamu kama ukweli usiohitaji ushahidi. Katiba iliyotungwa Philadelphia mwaka 1787 inazungumza kwa sauti ya chini zaidi: utangulizi wake unataja nia ya kuufanya muungano uwe kamili kuliko ulivyokuwa. Matini ya kwanza inasadiki. Ya pili inakiri kwamba bado. Katika miaka kumi na moja kati ya hati hizo mbili, ahadi ilishuka kutoka hali ya kutimia hadi hali ya kutarajiwa.

Kushuka huko si kosa la lugha. Rasimu ya Jefferson ilikuwa na kifungu cha kuilaani biashara ya watumwa, nacho kikaondolewa na Baraza kabla ya Tangazo kupitishwa. Jefferson mwenyewe alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Mkutano wa 1787 ulikubali kwamba katika kugawa viti vya uwakilishi, watumwa wahesabiwe kwa kiwango cha tatu ya tano. Kwamba uingizaji wa watumwa usipigwe marufuku kabla ya 1808. Na kwamba mtumwa aliyetoroka arudishwe kwa bwana wake. Hata hivyo neno mtumwa halionekani popote katika matini asilia ya Katiba. Waandishi walizunguka kwa maneno ya jumla juu ya watu wengine na watu wanaowiwa kazi. Kwa mhakiki wa fasihi, tafsida hii inaeleza mengi kuliko tamko lolote. Mwandishi anayekwepa kulitaja jambo kwa jina amekwisha kukiri kwamba analionea aibu.

4.2 Wajumbe wasiosikilizwa

Muundo wa Kusadikika unategemea urudiaji. Mjumbe anatumwa, anateseka, anajifunza, anarudi, anafungwa, kisha mwingine. Baadhi ya wasomaji huuona urudiaji huu kama udhaifu wa kisanaa, kwa kuwa baada ya mjumbe wa tatu msomaji hashangai tena. Lakini kutoshangaa huko ndiko kunakotakiwa. Mara ya kwanza kifungo cha mjumbe chaweza kuwa bahati mbaya. Mara ya sita ni desturi ya dola. Karama hafanyi zaidi ya kuorodhesha, na orodha yenyewe inakuwa hati ya mashtaka dhidi ya waliomshtaki.

Ulinganisho wa karibu zaidi katika historia ya Marekani si vita, bali ni kanuni ya bunge. Katika miaka ya 1830 wapinga utumwa, wanawake wengi wakiwamo, walipeleka maombi kwa wingi katika Baraza la Wawakilishi wakitaka utumwa ufutwe katika wilaya ya mji mkuu. Mwaka 1836 Baraza likaamua kwamba maombi yote yanayohusu utumwa yawekwe kando bila kuchapwa wala kujadiliwa. John Quincy Adams, aliyekuwa rais kabla ya kurudi bungeni kama mwakilishi wa Massachusetts, aliipinga kanuni hiyo mwaka baada ya mwaka, hadi ilipofutwa mwaka 1844. Hoja yake haikutaka kwanza kila mbunge auchukie utumwa. Ilitaka kila mbunge akubali kwamba ombi la raia haliwezi kutupwa bila kusomwa.

Hapa ndipo Kusadikika na Marekani zinapoangaziana. Kanuni ya 1836 ilikusudiwa kulinda utulivu kati ya majimbo; matokeo yake yalikuwa kuwashawishi watu wa Kaskazini ambao hawakuwajali watumwa kwamba sasa haki yao wenyewe imeguswa. Vivyo hivyo, kifungo cha wajumbe kilikusudiwa kuilinda Kusadikika na maneno ya wachongezi. Matokeo yake yalikuwa kumzaa Karama. Dola inayokataa kusikia haiondoi lalamiko. Inalibadilisha: jana watu walilalamikia jambo fulani, leo wanalalamikia baraza lenyewe.

Wakati huohuo, njia ya Karama ya kujitetea ina mfano wake katika hotuba ya Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani akajikomboa kwa kutoroka, aliyoitoa Rochester tarehe 5 Julai 1852. Alialikwa kusherehekea uhuru, naye akauliza sikukuu hiyo ina maana gani kwa mtumwa. Hakuyakana maneno ya waasisi. Aliwarudishia warithi wao maneno hayo kama deni. Karama hafanyi vingine. Haiombi Kusadikika iwe nchi nyingine, bali anaitaka istahili jina lake. Hii ndiyo nguvu ya upinzani unaotoka ndani ya ahadi: mshtaki hawezi kumkana mshtakiwa bila kulikana jina la nchi yake mwenyewe.

4.3 Sheria kama dawa na kama sumu

Kosa la Karama ni kutaka elimu ya sheria ienee. Riwaya inachukulia kwamba sheria ikijulikana, dhuluma itapungua. Hapa ulinganishi unamgeukia mtunzi, kwa kuwa historia ya Marekani kati ya 1850 na 1857 ni historia ya watu walioijua sheria sana na wakaitumia kudhulumu. Sheria ya Watumwa Waliotoroka ya mwaka 1850 ilimnyima mtuhumiwa baraza la wazee wa mahakama na ikakataa ushahidi wake mwenyewe usipokewe. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu chini ya Jaji Taney iliamua kwamba watu weusi wenye asili ya utumwa hawawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Bunge halina uwezo wa kuuzuia utumwa katika maeneo mapya. Uamuzi huo uliandikwa na wanasheria hodari kwa lugha ya sheria. Elimu ya sheria haikukosekana pale.

Je, basi Shaaban Robert alikuwa mdhanifu, kama baadhi ya wahakiki walivyomlaumu? Lawama hiyo ina uzito, lakini inakosea shabaha. Ukiitazama kesi ya Karama kwa makini, hakiokoi kifungu chochote cha sheria. Hatafuti kasoro katika hati ya mashtaka, wala hataji sheria inayomruhusu kufundisha. Kinachomwokoa ni kupewa nafasi ya kusema hadi mwisho, mbele ya watu, huku mshtaki akilazimika kukaa na kusikiliza. Ndiyo nafasi hasa ambayo sheria ya 1850 ilimnyima mtumwa aliyekamatwa Boston au Philadelphia. Kwa hiyo yale riwaya inayoyasema kwa midomo ya wahusika wake na yale inayoyaonyesha kwa msuko wake hayalingani sawasawa: midomo inasifu sheria, msuko unasifu usikivu. Msuko ndio wenye hekima zaidi.

Ukimya wa riwaya nao hauna budi kutajwa. Shtaka la Karama halihusu utumwa, ingawa mtunzi aliandika katika pwani ambako utumwa ulikuwa kumbukumbu ya juzi. Usawa unaodaiwa ni usawa wa watu mbele ya watawala. Swali la usawa baina ya watawaliwa wenyewe, mwenye nasaba na asiye na nasaba, haliwekwi barazani. Waasisi wa Marekani walilizunguka neno kwa tafsida. Kusadikika inalizunguka kwa kuihamishia nchi yote angani, mahali ambapo hakuna shamba la kulima wala mtu wa kulilima. Si haki kuwapima sawa: wale walikuwa wenye mamlaka na watumwa, huyu alikuwa karani chini ya utawala wa kigeni. Lakini mhakiki akilisema la wale na kulinyamazia la huyu, atakuwa anamheshimu mtunzi kwa namna inayomdogosha. Ikumbukwe pia kwamba Shaaban Robert hakulinyamazia jambo hili kila mahali: katika Wasifu wa Siti binti Saad alimchagua mwanamke aliyetoka katika hali duni akampa heshima ambayo desturi iliwatengea wakubwa.

4.4 Msamaha wa Mfalme

Mwisho wa Kusadikika umeelezwa kwa kawaida kama ushindi. Kwa upande wa fani, unatoka katika hekaya. Msimulizi anayezungumza mbele ya mtawala ili kuiahirisha hukumu anajulikana na kila msomaji wa Alfu Lela u Lela, na Shaaban Robert aliijua hazina hiyo vizuri, kama Adili na Nduguze inavyothibitisha. Katika hekaya, masimulizi yakiwa mazuri, mfalme hulainika. Mwisho huo ni halali kwa utanzu wake.

Kwa upande wa maudhui, mwisho huo unaacha swali wazi. Mfalme anayewafungua wajumbe ndiye ambaye chini ya utawala wake walifungwa. Hakuna chombo kinachoundwa ili mjumbe wa saba asifungwe. Majivuno ameshindwa katika kesi moja, lakini kanuni iliyomwezesha kushtaki haijafutwa. Karama aliomba elimu ya sheria, akapewa msamaha. Na msamaha, hata ukiwa mtamu, ni hisani ya anayeutoa. Mfalme mwingine akija na masikio mazito, mambo yatarudi pale pale.

Marekani haikuwa na mfalme wa kuimaliza hekaya. Mapatano yalichukua nafasi ya msamaha: Missouri mwaka 1820, mapatano ya 1850, kisha sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854 iliyoyavunja mapatano ya kwanza. Kila mapatano yalinunua miaka kwa gharama ya watu ambao hawakuwamo chumbani. Abraham Lincoln alipochaguliwa mwaka 1860 kwa msimamo wa kuzuia utumwa usienee, Carolina Kusini ikajitoa Desemba mwaka huohuo, majimbo mengine sita yakafuata, na mizinga ikalia Aprili 1861. Zaidi ya watu 600,000 walikufa kabla ya marekebisho ya Katiba ya mwaka 1865 kuufuta utumwa, na hayo ndiyo marekebisho yaliyoliandika neno hilo katika Katiba kwa mara ya kwanza. Lililokwepwa kwa miaka 78 lilitajwa hatimaye kwa ajili ya kulikomesha.

5.0 Tanganyika Iliyofuata

Tanganyika nayo ilipita katika mlango wa mapatano. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuwachagua wagombea watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Sharti la kuandikishwa lilikuwa elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, na wengi wa wakazi wa Tanga, wapakuzi wa bandarini na wakata mkonge, walibaki nje. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikubali kushiriki licha ya udhalili wa kanuni hiyo, na Zuberi Mtemvu akajitoa kuunda chama chake. Wenye haraka wanaweza kuyafananisha mapatano ya Tabora na ya Philadelphia. Tofauti yao ndiyo yenye mafunzo. Philadelphia, waliobebeshwa mzigo wa mapatano hawakuwamo mkutanoni. Tabora, wawakilishi wa waliodhalilishwa ndio waliobishana, wakakubali, na wakajua walichokubali. Ndiyo maana kura tatu hazikuvuka mwaka 1960, wakati tatu ya tano iliishi hadi vita. Mapatano huoza upesi pale ambapo anayeumia hana kauli.

Kipimo hichohicho kinahukumu kilichofuata. Pendekezo la kuingiza hati ya haki za binadamu katika Katiba halikukubaliwa wakati wa uhuru. Mwaka 1962, mwaka ambao Shaaban Robert alizikwa, ilipitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumzuia mtu bila kesi, na amri yake haikuweza kuhojiwa mahakamani. Sababu zilizotolewa zilikuwa usalama na umoja wa taifa changa, na wapo waliozitoa kwa nia njema. Hata Majivuno hutaja masilahi ya nchi. Hati ya haki iliingia katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitumia mwaka 1988. Kwa muda wa robo karne, basi, hadithi ya Karama iliendelea kusomwa katika nchi ambayo kisheria iliweza kumweka Karama ndani bila kumpa hata siku moja ya kujitetea. Usomaji uliokifanya kitabu kuwa istiari ya ukoloni peke yake ulifaa sana kipindi hicho. Uliwaruhusu walimu kukifundisha bila kukisikia.

Kusema hivi si kuidogosha kazi ya waasisi wa Tanganyika. Oktoba 1961, katika mjadala wa uraia, Julius Nyerere alikuwa tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi, na kwa hilo alikataa kuandika tatu ya tano ya aina yake. Lakini usawa wa raia na usikivu wa dola ni ahadi mbili tofauti. Nchi yaweza kuitimiza moja na kuiahirisha nyingine, na fasihi ina wajibu wa kutunza hesabu za zote mbili.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Kusadikika ni matini yenye akili mbili. Kwa maneno yake inaitakia nchi elimu ya sheria. Kwa msuko wake inaonyesha kwamba jambo linalookoa ni kusikilizwa. Na kwa mwisho wake inaungama, labda bila kukusudia, kwamba usikivu uliotolewa kwa hisani hauna dhamana. Ulinganisho na Marekani umesaidia kuzitenga sauti hizo tatu. Huko, ahadi iliyoandikwa vizuri haikutosha. Mapatano yaliyowaacha wengine nje ya chumba hayakudumu. Sheria iliyofasiriwa na mahakama kuu kabisa iligeuka sumu. Na kanuni ya kutosoma maombi ndiyo iliyowafumbua wengi macho. Ulinganisho huo umeonyesha pia mpaka wa mtunzi: ukimya wake juu ya utumwa katika riwaya hii, na imani yake kwa mtawala mwema.

Mambo mawili yanafuata kwa utafiti na ufundishaji. Kwanza, tungo za Shaaban Robert zinastahili kuhakikiwa kama sehemu ya fikra za kisiasa za ulimwengu, na si kama kioo cha enzi ya Waingereza tu. Pili, mwisho wa Kusadikika ufundishwe kama swali. Kijana wa Makorora anayekisoma kitabu hiki hayuko mbali na Vibambani, alikozaliwa mtunzi. Akiambiwa kwamba Karama alishinda na kisa kikaisha, atafunga kitabu. Akiulizwa ni kitu gani kitakachomlinda mjumbe wa saba, atalazimika kukifungua tena. Na huenda katika kukifungua akatambua kwamba Karama alitaka elimu ya sheria ienee ili mjumbe huyo asihitaji kubahatisha masikio ya Mfalme.